Kofia Peke Yake Haitoshi: Tuweke Mfuko wa Moto Kabla ya Kiangazi



Mvua zikikatika, sisi watu wa Arua na Koboko tunajua kinachofuata. Kutoka Desemba mpaka Machi nyasi hukauka, upepo huanza kuvuma, na jioni ukitazama vilimani unaona mistari myekundu ya moto. Mmoja amechoma shamba lake alisafishe. Mwingine amechoma majani awatoe panya wa mwituni apate kitoweo. Mwingine anatafuta asali, mwingine anataka majani mabichi kwa ng'ombe wake, mwingine amechoma makaa akaenda zake. Moto hauulizi umewashwa kwa kazi gani. Upepo ukigeuka, moto unaruka njia, unashika paa la nyasi, na kabla mama hajarudi na mtungi kutoka kisimani, nyumba imekwisha.

Leo sisemi habari ya kuzuia moto. Sheria ya kukataza watu kuchoma nyasi ovyo ipo tangu mwaka 1974, na wanaoivunja wanajua kwamba wanaivunja. Nataka kusema juu ya siku ya pili, yaani siku ambayo majivu yamepoa na mfanyakazi mwenzetu amesimama pale ilipokuwa nyumba yake, hana shuka, hana sufuria, hana kitambulisho, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Siku hiyo chama chetu kinampa nini?

Jibu la kweli ni kwamba tunampa kofia. Inazungushwa langoni siku ya mshahara, kila mtu anatia alichonacho, basi. Mimi mwenyewe nimezungusha kofia hiyo mara nyingi. Leo nasema haitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Kosa langu mwenyewe

Miaka iliyopita, mwezi wa Februari, ndugu mmoja aliyekuwa anafanya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja alirudi nyumbani asubuhi akakuta majivu. Moto wa porini ulikuja mchana wa jana yake ukateketeza nyumba tatu: yake, ya mama yake na ya kaka yake. Ghala la mtama na simsim likaungua. Mbuzi wawili wakaungua wakiwa wamefungwa kamba. Kwa bahati hakuna mtu aliyekufa.

Siku ya tatu alikuja kazini, kwa sababu aliogopa kukatwa siku. Nilizungusha kofia nikapata shilingi 64,000. Nikazitia katika bahasha, nikampa mbele ya watu, nikampiga bega nikasema, "Jikaze, ndugu. Wewe ni mwanamume. Nyumba ni nyasi, na nyasi huota tena." Watu walicheka kidogo, na yeye pia alicheka. Mimi nikaona kazi ya chama imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ndugu yule alikuwa halali usingizi. Akisikia harufu ya moshi wa jikoni tu anatoka mbio nje. Alianza kuchelewa, akapewa barua ya onyo. Alianza kunywa waragi kabla ya zamu. Wiki ya sita nyapara alimkuta amelala chini kando ya mashine inayozunguka, na siku ile ile akafukuzwa. Hakuja kwetu kulalamika. Alikwenda zake upande wa Kongo, na sehemu ya haki zake za kuachishwa kazi hakuwahi kuidai. Mimi nilipata habari siku nne baadaye.

Kiwanda kilikosa, maana kilimhukumu mtu bila kumwuliza kisa chake. Lakini chama nacho kilikosa, na aliyekuwa chama siku ile ni mimi. Nilimpa shilingi 64,000 na neno "jikaze", kisha nikamwacha. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Kwa nini kofia hushindwa

Kofia ina makosa matatu, na yote mnayajua.

La kwanza, kofia humpenda anayejulikana. Fundi wa mashine aliyekaa miaka kumi na mitano atapata nyingi. Kibarua aliyeanza mwezi jana, au mama anayechambua majani ya tumbaku kwa msimu tu, atapata kidogo au hatapata kabisa. Lakini moto umewachoma sawasawa.

La pili, kofia inategemea tarehe. Nyumba ikiungua siku mbili baada ya mshahara, mifuko ina kitu. Ikiungua tarehe 24, hata mwenye huruma hana hata nauli.

La tatu ndilo kubwa. Wengine husema, "Mambo ya nyumba ni ya ukoo. Chama ni cha kazi." Maneno haya yana ukweli wake pale nyumba moja inapoungua kwa sababu ya jiko. Hapo kaka yako atakupokea, shangazi atakupa sufuria, jirani atakata nyasi za kuezekea. Lakini moto wa porini hauunguzi nyumba moja. Unapita kijiji kizima kwa mchana mmoja. Yule kaka ambaye angekupokea naye analala chini ya mwembe. Jirani ambaye angekupa unga, ghala lake liko katika majivu yale yale. Hata nyasi za kuezekea zimeungua, na mpya hazitakuwa ndefu mpaka mvua inyeshe. Siku ile ukoo wote unakuwa maskini pamoja.

Basi msaada lazima utoke kwa watu ambao hawakai pale. Ni akina nani hao? Ni sisi. Katika kiwanda kimoja au shamba moja tunatoka Maracha, Terego, Yumbe, Koboko, Vurra, Adjumani. Moto hauwezi kutuunguza sote siku moja. Wazee wetu waliokwenda kukata miwa Kakira na Lugazi walilijua jambo hili. Walikuwa mbali na ukoo, kwa hiyo mtu akifa au akiugua, waliokuwa wanafanya naye kazi ndio waliokuwa ukoo wake. Mambo ya nyumba yanaishia langoni kwa tajiri tu. Kwetu sisi hayaishii pale, maana mtu asiye na mahali pa kulala hawezi kusimama salama mbele ya mashine.

Misaada iliyopo, na mipaka yake

Kabla ya kusema juu ya mfuko wetu wenyewe, tujue ni misaada gani ipo tayari, maana ndugu wengi hawaidai kwa sababu hawaijui.

Serikali ina Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia maafa, na tangu mwaka 2010 nchi ina sera ya taifa ya maafa inayosema ziwepo kamati za maafa za wilaya, za gombolola na za vijiji. Njia ya habari inaanza chini: mwenyekiti wa LC1 anaandika majina, anapeleka gombolola, gombolola inapeleka wilayani, wilaya inaandikia Ofisi ya Waziri Mkuu. Kinachokuja mara nyingi ni unga, maharage, maturubai na blanketi. Huu si mshahara, bali ni msaada, na unategemea kilichomo ghalani. Unaweza kuchukua wiki nyingi. Lakini jina lisiloandikwa siku za kwanza halipati hata hicho. Msalaba Mwekundu wa Uganda nao huandikisha nyumba zilizoungua na husaidia vyombo vya nyumbani unapokuwa navyo. Kwa hiyo siku ile ile ya moto, hata ukiwa na huzuni namna gani, mtu mmoja wa nyumbani aende kwa mwenyekiti wa LC1 apate barua yenye muhuri. Apige picha za majivu kwa simu ya yeyote mwenye simu. Apite polisi kuandikisha, maana bila karatasi hiyo utasumbuka kupata kitambulisho kipya cha taifa, na bila kitambulisho utasumbuka kila mahali.

Akiba yetu ya NSSF, ambamo mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza asilimia 10, haina malipo ya mtu aliyeunguliwa nyumba. Mtu asikudanganye akakula nauli. Lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mfanyakazi aliyefikisha miaka 45 na ambaye amechangia miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake kabla ya uzee. Ukiwa wa umri huo, unaruhusiwa kufanya hivyo. Ila ufikiri kwanza, kwa sababu pesa hiyo ndiyo uzee wako. Tena mabadiliko hayo yamemlazimisha kila mwajiri kuandikisha watu wake, hata kama hawafiki watano. Kama hujaandikishwa, tuambie sasa, usingoje moto.

Moto ukikuunguza mwili ukiwa kazini, kwa mfano katika shamba la miwa linalochomwa au katika msitu wa kupandwa unaoulinda, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo kuna sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000. Mwajiri anadaiwa, hakuhurumii. Mpe taarifa kwa maandishi upesi, usiache mwezi upite, na habari imfikie ofisa wa kazi wa wilaya. Mfanyakazi akifa katika ajali ya kazi, waliokuwa wanamtegemea wana haki ya kulipwa kiasi cha mishahara yake ya miezi 60. Wajane wengi wamepewa jeneza na gunia la posho, wakaambiwa yamekwisha. Hayajaisha.

Na likizo je? Sheria ya kazi ya mwaka 2006 inatupa siku 7 za likizo yenye mshahara kwa kila miezi 4 ya kazi. Inataja likizo ya ugonjwa na ya uzazi. Likizo ya mtu aliyeunguliwa nyumba haimo. Basi ni lazima tuitie sisi wenyewe katika mkataba wa pamoja na mwajiri.

Nawaonya pia juu ya mlango mmoja ulio wazi saa zote, nao ni wa mkopeshaji anayeshika kadi yako ya benki. Mtu aliyeunguliwa nyumba hukubali riba yoyote. Mwaka unaofuata nyumba imesimama, lakini mshahara ni wa mtu mwingine.

Moyo nao umeungua

Sasa nije kwa jambo ambalo wanaume tunaona haya kulisema. Pesa inajenga nyumba, lakini haimrudishii mtu usingizi.

Mtu aliyeponea moto hushtuka akisikia majani yanalia, huota ndoto za moto, hugombana na mke bila sababu, husahau, hunyamaza, hunywa. Huyu si mwoga wala mvivu, wala hajarogwa. Ameumia mahali pasipoonekana. Wengine wana jambo zito zaidi la kubeba. Wanajilaumu kwamba walikuwa kazini wakati mama alipokuwa anawatoa watoto peke yake. Wengine wanamjua aliyewasha moto ule, na kila usiku wanamfikiria kwa kisasi. Huyo aliyewasha huenda naye ni mwanachama wetu, na naye halali kwa aibu. Sheria imshughulikie. Sisi tusiwe wa kutia kuni.

Wenzetu wa mbali wamelichunguza jambo hili kwa miaka. Tarehe 7 Februari 2009, moto wa porini uliua watu 173 katika jimbo la Victoria, Australia. Nchi ile ni tajiri, ina bima na magari ya zimamoto, lakini wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliofuatana na waliookoka kwa miaka waliona kwamba ingawa wengi walipona, wako ambao moyo ulikuwa bado mgonjwa miaka mingi baadaye. Wakaona pia kwamba waliokuwa ndani ya vikundi vya mahali pao kwa kawaida walikuwa na nafuu kuliko waliokaa peke yao. Ndugu zangu, chama ni kikundi. Dawa hiyo tunayo mikononi.

Na msiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 2017, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, yaliyokuwa wakati huo ndani ya wilaya ya Arua, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini wa vijiji 14 walishiriki katika utafiti. Katika nusu ya vijiji hivyo wanawake walifundishwa mara tano, katika vikundi, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha cha Shirika la Afya Duniani, namna ya kutuliza fikra nzito. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye wale waliofundishwa walikuwa na nafuu kuliko wengine. Kama akina mama waliokimbia vita waliweza kukaa chini wakasaidiana, sisi hatuwezi kukaa nusu saa na mwenzetu aliyeunguliwa nyumba?

Ninachoomba ni kidogo. Tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye subira na midomo inayofunga. Wamtembelee mwenzetu siku ya kwanza, tena wiki ya pili, tena mwezi wa kwanza, tena mwezi wa tatu, maana siku ya kwanza kila mtu yupo, na mwezi wa tatu hayupo hata mmoja. Wasiende kuhubiri. Wakae, wasaidie kukata miti au kukanda udongo, waulize, "Unalala?" kisha wasikilize jibu. Wakiona wiki zinapita halali, anakunywa kupita kiasi, au anasema afadhali kufa, wasimwache peke yake. Wampeleke hospitali, na waende pamoja naye. Hospitali ya rufaa ya Arua ina sehemu ya magonjwa ya akili. Kwenda pale si wazimu, kama vile kwenda kufungwa mguu uliovunjika si ukilema.

Mfuko wenyewe

Basi napendekeza kila tawi liweke Mfuko wa Moto kabla ya Desemba, kwa masharti haya:

1. Kila mwanachama atoe shilingi 1,000 kwa mwezi. Tawi la watu 200 litapata shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Si utajiri, lakini ni mabati, misumari na magodoro, nayo yapo kabla ya moto.

2. Kibarua na mfanyakazi wa msimu waingie kwa miezi wanayofanya kazi, na wakiunguliwa wapate sawa na wengine. Kipimo kiwe nyumba iliyoungua, si cheo wala kabila wala urafiki na katibu.

3. Sehemu ya pesa itolewe ndani ya siku tatu kwa ushahidi wa wanachama wawili waliofika pale. Iliyobaki itolewe barua ya LC1 ikifika.

4. Pesa zikae benki au katika ushirika wa akiba na mikopo ulioandikishwa, na zisitoke bila sahihi tatu. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Nasema hivi nikijua kwamba mifuko mingine ililiwa na viongozi. Mwanachama ana haki ya kuuliza, na kiongozi anayekasirika akiulizwa aondolewe.

5. Katika mkataba wa pamoja tudai siku 7 za likizo yenye mshahara kwa aliyeunguliwa nyumba, mkopo wa mshahara usio na riba unaolipwa kwa miezi 6, na barua ya onyo isitolewe kabla ya mwakilishi wa wafanyakazi kusikilizwa.

Mwajiri atasema ni gharama. Tumjibu kwamba mtu asiyelala usiku tatu anayewekwa mbele ya mashine ni gharama kubwa zaidi, na siku mkono ukikatika atalipa kwa sheria.

Wako watakaosema shilingi 1,000 ni nyingi. Nawajua, na baadhi yao kweli hawana. Lakini tuhesabu pia kile tunachotoa jioni moja ya Jumamosi, kisha tuseme tena.

Yule ndugu yangu wa zamu ya usiku sijamwona tena. Mara mbili nimeuliza habari zake kwa wafanyabiashara wanaovuka kwenda Ariwara, bila kupata jibu. Nikimwona sitampa bahasha. Nitamwuliza analala, kisha nitakaa nimsikilize.

Mvua bado zinanyesha na nyasi bado ni mbichi. Mkutano wa tawi ujao tuliweke jambo hili mezani, tupige kura, tuanze.

Umoja ni nguvu.